Deni la Mtazamaji

Mtu anapokunyoshea picha aliyoipiga mwenyewe na kukuuliza, "Unaionaje?", huwa amekuuliza nini hasa? Kwa miaka mingi nilidhani kwamba swali hilo ni jepesi, na kwamba majibu yake ni mawili tu: ni nzuri, au si nzuri. Sasa naliona kuwa ni miongoni mwa maswali mazito ambayo mtu anaweza kumwuliza mwenzake, maana ndani yake mna ukweli, mna huruma, mna kiburi, na mna woga. Nimelijibu vibaya mara nyingi. Mara mbili nilikosea kwa namna ambayo sijaweza kuisahau, moja nikiwa mwenye picha na nyingine nikiwa mtazamaji, na hizo ndizo zilizonifanya niandike kurasa hizi.

Kwanza niseme nazungumza juu ya watu gani. Sizungumzi juu ya wapiga picha wa magazeti wala wa studio. Hao wana mahakimu wao: mhariri huikataa picha, na mteja huirudisha akadai fedha zake. Nazungumza juu ya mpiga picha wa ridhaa, yule mwalimu, karani, mwuguzi au fundi mwenye kazi yake nyingine, ambaye siku ya mapumziko hutundika kamera shingoni akatoka. Hakuna aliyemtuma na hakuna atakayemlipa. Siku hizi simu imempunguzia gharama, lakini zamani alilipa yeye kwa kila hatua: kununua filamu ya picha 36, kuisafisha, na kuchapa. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, filamu yenyewe ilitafutwa kama ilivyotafutwa sabuni. Ujira wa mtu huyu ni mmoja tu, nao ni neno la wenzake. Ukimwambia uongo, hata uwe uongo mtamu, umemlipa kwa noti bandia. Atafurahi nayo mpaka siku atakapoipeleka dukani.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana mjini Tanga. Nilinunua kamera ya Yashica iliyokwisha tumika, kwa fedha ambazo nyumbani zilikuwa na kazi nyingine, na nikaanza kumpiga picha kila aliyekubali kusimama. Aliyekubali zaidi alikuwa mama yangu. Nilipokwenda kumtazama Pangani, nilimpiga akiwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ungo mapajani, akichambua mchele. Nyuma yake ulikuwapo ua na jua la saa nne. Nilipoitazama kupitia kamera niliona kitu kizuri mno, nikahesabu siku hadi filamu itakapokwisha.

Filamu nilimpelekea mzee mmoja mwenye studio, mtu aliyekuwa akisafisha picha tangu kabla ya Uhuru. Alipokwisha kuichapa ile ya mama, aliiweka juu ya kaunta, akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. Mimi nilingoja sifa. Akasema, "Mlango umetoka vizuri sana."

Sikumwelewa. Akaendelea, "Mama yako mgeuze, kijana. Akae upande huu, nawe usimame pale."

Nilitazama tena picha yangu. Ni kweli mlango ulionekana, na ua, na hata majani ya mpapai uliokuwa uani. Mama alikuwa kivuli cheusi chenye umbo la mama. Lakini siku ile sikuyaona hayo. Niliona mzee ananidhihaki mbele ya wateja wengine. Nikajibu, "Nilitaka iwe hivyo." Ulikuwa uongo, naye alijua, kwa sababu hakubishana nami. Alinipa chenji yangu akamwita mteja mwingine.

Sikurudi kwake. Nilihamia studio nyingine, ambako kijana wa kaunta alikuwa akisema "Safi sana, Mwalimu" kwa kila bahasha aliyonikabidhi. Nilimpenda kijana yule. Kwa muda wa miaka minne nilipiga picha nyingi, na kosa langu likawa lilelile, maana nilipenda kuwaketisha watu mahali ambapo mwanga uko nyuma yao, pale ambapo macho yangu yalifurahi na filamu ikashindwa.

Mama alifariki mwaka 1988. Baada ya matanga, ndugu walisema, wewe ndiye mwenye kamera, tutafutie picha yake tuitie fremu. Nilikuwa nazo kumi na moja. Tulizipanga mkekani. Dada yangu alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa upole, "Hakuna ambayo uso unaonekana?" Hatimaye tuliikuza picha ndogo ya kitambulisho, aliyopigwa na mtu asiyemjua, akiwa amekaza macho kwa woga wa mwanga. Hiyo ndiyo iliyoko ukutani hadi leo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nilikuwa nikiwafundisha watoto darasani, na kila mwaka nilisahihisha insha zake.

Nilirudi kwa yule mzee. Hakunikumbuka, au alijifanya hanikumbuki. Nilimwonyesha picha zote, nikaketi kimya. Safari hii alinieleza yale ambayo angenieleza tangu mwanzo kama ningempa nafasi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, alisema, hakimjui mama yako wala mlango. Kinadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Ukikielekeza kwenye jua lililo nyuma ya mtu, kinaona mwanga umezidi, kinakushauri uupunguze, na uso unazama gizani. Basi usikitii. Sogea karibu upime usoni peke yake, au fungua lenzi hatua mbili zaidi, au mgeuze mtu, au tandika shuka jeupe mbele yake limrudishie mwanga. Yote hayo yalichukua kama dakika tano.

Aliniambia na jambo jingine, ambalo baadaye nilikuja kulisoma. Filamu za rangi zilizotengenezwa Ulaya na Marekani zilisawazishwa kwa miongo mingi kwa kufuata ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak iliwapelekea wachapaji kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi wakaizoea kwa jina la "Shirley." Mpaka miaka ya 1990 ndipo zilipotoka kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo, katika giza lililofunika nyuso zetu, sehemu moja ilikuwa ujinga wetu na sehemu nyingine haikuwa yetu kabisa. Mtu anayetaka kumsahihisha mwenzake hana budi kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Kumlaumu mtu kwa kosa la chombo chake ni dhuluma, na kumwachia asingizie chombo kwa kosa lake ni dhuluma pia.

Hayo ndiyo niliyojifunza nikiwa mpokeaji. Ungedhani yalitosha kunifanya mtoaji mwema. Hayakutosha. Nilitoka katika msiba ule na somo moja tu, nalo nilikuwa nimelielewa nusu. Nilikumbuka jinsi neno la mzee lilivyonichoma, nikaapa kwamba mimi sitamchoma mtu.

Miaka ya mwanzo ya 1990 kulikuwa na kijana wa jirani, fundi baiskeli, aliyepata kamera ya Zenit ya Kirusi. Alikuwa na macho mazuri. Kila alipochapa picha alikuja nazo barazani kwangu. "Shikamoo, Mwalimu. Hebu zitazame hizi." Nami nilizitazama, nikasema, "Nzuri sana, endelea hivyohivyo." Nilijiona mtu mwenye utu. Nilijisemea moyoni kwamba namlea.

Lakini kulikuwa na kitu nilikiona. Katika picha zake za usiku, zile alizotumia flashi, upande mmoja ulikuwa na ukanda mweusi, mwembamba kama utepe. Yeye alidhani ni kivuli, au uchapaji mbaya. Mimi nilijua ni nini. Katika kamera ya namna ile, pazia linalofunika filamu hukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiweka kasi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kwa flashi, ambayo kwa kamera yake ilikuwa namba 30, flashi huwaka wakati pazia limekwisha kufunika sehemu ya picha. Yeye aliweka 60. Dawa yake ilikuwa maneno mawili: "Weka thelathini." Sikuyasema. Mara ya kwanza walikuwapo wageni barazani, nikaona nitamwaibisha. Mara ya pili nilisema moyoni kwamba ni utepe tu. Mara ya tatu niliona haya kusema jambo ambalo nilipaswa kulisema mara ya kwanza.

Siku moja alikuja akiwa na furaha kubwa. Amepata harusi Muheza, watu wamemlipa malipo ya awali. Aliniuliza kama ninadhani anaiweza. Nikamwambia, "Wewe? Unaiweza sana."

Harusi ilikuwa ya usiku, watu wanacheza, maharusi hawatulii. Yeye, kwa akili yake nzuri, akafikiri kwamba kasi kubwa itawashika vizuri, akaweka 125. Zilipotoka picha, zaidi ya nusu ya kila moja ilikuwa nyeusi. Katika nyingine alionekana bwana harusi bila bibi harusi. Katika nyingine ilionekana keki na mkono. Harusi hairudiwi. Alirudisha fedha za watu, na kwa kuwa nyingine alikwisha zitumia kwa filamu na nauli, aliiuza ile Zenit.

Kisha akaja kwangu. Hakuja kwa hasira. Alishika picha moja ya zamani, ile yenye utepe, akaniuliza, "Mwalimu, hiki ulikuwa unakiona?"

Nikasema, "Nilikuwa nakiona."

"Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu fulani juu ya kutotaka kumvunja moyo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia lugha asiyoijua, akaniaga.

Nimelifikiri swali lake kwa miaka mingi, na jibu ninalolipata halinipendezi. Nilikuwa nikijihurumia mimi kuliko yeye. Nilipenda kupendwa. Nilipenda aje barazani, anisalimie kwa heshima, aondoke ananisifu. Ningemwambia ukweli, huenda asingerudi, kama mimi nilivyoacha kurudi kwa mzee wa studio. Kwa hiyo nilinunua mapenzi yake kwa ujinga wake, na bei aliilipa yeye.

Methali yetu husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu huitumia kuonya kwamba sifa huharibu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mgema anayetukanwa kila siku hushuka mnazini asipande tena, na hapo hatuna tembo la maji wala la kunywa. Tena yule kijana hakutia maji kwa majivuno. Alikosea kwa sababu sifa zangu zilichukua mahali pa maarifa aliyokuwa na haki ya kuyapata.

Baada ya hapo, watu watano tulianza kukutana Jumapili jioni, kila mmoja akaja na picha zisizozidi tatu. Tulikuwa na desturi chache, na nazieleza hapa kwa kuwa zilitufaa. Ya kwanza, mwenye picha anyamaze. Asieleze alipanda mlima gani wala alingoja saa ngapi, maana picha haitafuatana naye kila mahali kuyaeleza hayo. Ya pili, mtazamaji aseme kwanza anachokiona, kabla ya kusema anachokifikiri. Desturi hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Mtu akisema, "Naona mlango, naona ua, naona mpapai," wala hamtaji mama, mwenye picha amekwisha jua la kujua, na hakuna aliyemtukana. Ndipo nilipofahamu kwamba mzee wa studio hakunidhihaki. Alikuwa amesema alichokiona. Ya tatu, mwenye picha aulizwe alitaka nini, kwa sababu kosa ni umbali uliopo baina ya kilichotakiwa na kilichopatikana. Aliyetaka kivuli akapata kivuli hakukosea. Ya nne, mtu ataje kosa moja tu, lile linaloweza kurekebishwa na filamu ijayo. Ukimtajia mtu makosa tisa umemwonyesha ujuzi wako, hukumfundisha.

Tuliyafuata hayo kwa shida, maana nyani haoni kundule. Mwenzetu mmoja, hodari wa kuona upeo wa bahari uliopinda katika picha za wengine, zake mwenyewe zilipinda zote.

Jioni moja yalitokea mambo ambayo desturi zetu hazikuyafikiria. Mwenzetu alileta picha ya mwanamke mgonjwa wa akili, aliyezoea kulala karibu na soko, nguo zimemchanika, mwanga wa asubuhi umemwangukia begani. Ilikuwa picha nzuri. Tulisema tulichokiona, tukasifu mwanga, tukasifu mpangilio. Mke wa mwenyeji wetu alikuwa akileta kahawa. Aliitazama akiwa amesimama, akauliza, "Huyu mama alijua kwamba anapigwa picha?"

Tulinyamaza sote. Tulikuwa tumejiita wapiga picha wa ridhaa kwa muda mrefu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amefikiri kwamba ridhaa ina watu wawili. Mwenzetu aliiweka picha ile mfukoni, na hakuileta tena.

Huwa nalikumbuka jambo hilo pamoja na habari za Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini. Mwezi Machi 1993, kusini mwa Sudani, alimpiga picha mtoto aliyeinama chini kwa udhaifu wa njaa, na nyuma yake tumbusi ametua. Gazeti la The New York Times liliichapa mwezi huohuo, na mwaka 1994 ikampatia tuzo ya Pulitzer. Watu wengi duniani waliuliza mtoto yule alipatwa na nini, na kama mpiga picha alimsaidia. Walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini wengine walipita hapo, wakamwita yeye mwenyewe kuwa ni tumbusi mwingine. Mwezi Julai mwaka huo alijiua. Sisemi kwamba maneno yale ndiyo yaliyomwua. Alikuwa na madeni, na alikuwa ameona maiti wengi kuliko wanavyopaswa kuonwa na mtu mmoja. Nasema tu kwamba kumwuliza mtu juu ya tendo lake ni jambo moja, na kumhukumu nafsi yake ni jambo jingine. Yule mama wa kahawa aliuliza. Hakumwita mwenzetu jina lolote. Ndiyo maana swali lake lilifanya kazi.

Kuna msomaji atakayeniambia kwamba nimelifanya jambo dogo kuwa zito. Baba anapokuonyesha picha ya mtoto wake mchanga, iliyotikisika na yenye ukungu, je, utamwambia habari za kasi na lenzi? La. Huyo hakukuuliza juu ya picha. Amekuita mfurahi pamoja, na jibu la ukweli ni kufurahi. Asiyetambua tofauti hiyo atakuwa mtu wa kuudhi hata akisema kweli tupu. Lakini yule anayerudi kwako mara ya pili na ya tatu, mwenye kutazama uso wako wakati unaitazama picha yake, huyo anauliza. Kumjibu "nzuri sana" ni kumfungia mlango huku unatabasamu.

Mpokeaji naye ana wajibu wake. Si lazima akubali kila neno. Kuna picha nilizoambiwa ni mbaya ambazo nazipenda mpaka sasa, na sitazibadilisha. Ila kabla ya kusema "Nilitaka iwe hivyo," na ajiulize kama ni kweli. Yeye peke yake ndiye anayejua. Mimi nilisema maneno hayo juu ya kaunta ya studio mwaka 1984, na nyumbani tuna picha moja ya kitambulisho.

Mzee wa studio amekwisha tangulia mbele ya haki, na mahali pale sasa wanauza simu. Yule fundi baiskeli ni mtu mzima mwenye wajukuu. Tunapokutana hunisalimia vizuri, nami nampokea. Mwaka mmoja nilimwendea nikiwa na kamera yangu ya Yashica, nikataka kumpa. Aliigeuzageuza mikononi, akafungua nyuma, akatazama pazia lake kwa muda, kisha akanirudishia. Aliniambia kwamba vidole vyake vimezoea minyororo na mafuta. Nilimwomba radhi siku ile kwa maneno yaliyo wazi, bila kutaja habari ya kutomvunja moyo. Akasema, "Yamepita, Mwalimu." Kisha akanionyesha gurudumu lililokuwa mbele yake, akaniuliza kama naliona limenyooka.

Nililizungusha, nikalitazama. Nikamwambia linacheza kidogo upande wa kushoto.